Furaha ya wananchi kwenye gemu ya kujenga mji: namba moja au kila mtaa na yake?

mjenzi_wa_mawe:
Wakuu habari za jioni. Tunatengeneza gemu ya simu ya kujenga mji, mji wenyewe uko ziwani umekaa kama Mwanza hivi, milima ya mawe, mwalo wa kushushia samaki, mto unakatiza katikati. Tumekwama kwenye furaha ya raia. Gemu ya Civilization V ya 2010 ina namba moja ya dola nzima, ikienda chini ya sifuri miji yote inadumaa. Anno 1800 ya 2019 kila tabaka na mahitaji yake, mkulima anataka samaki na nguo za kazi, akipanda daraja anadai na vingine. Frostpunk ya 2018 ina vipimo viwili, matumaini na manung'uniko. Mi naegemea namba moja, inaeleweka haraka na simu za bei chee haziteseki. Mnasemaje?

kirumba_juu:
Namba moja hapana mkuu. Chukua mtaa wa Mabatini hapa Mwanza tu, wa chini karibu na mto Mirongo mvua ikipiga hapati usingizi, anawaza maji kuingia ndani, wa juu kwenye mawe maji ya bomba hayampandii anabeba dumu kichwani. Ukipiga wastani unapata hamsini, unajenga bustani Capri Point kwa wenye nazo inapanda sitini, na hao wawili hujawagusa hata kidogo. Namba inakusifia kwa kazi ambayo hujafanya.

kodi_na_kahawa:
Kuhusu simu usiogope. Caesar III ya 1998 nyumba inaangalia sana huduma gani zimepita jirani, inapanda au inashuka, na ilikuwa inakimbia kwenye kompyuta za enzi hizo. Raia mmoja mmoja usiwahesabu, hesabu mtaa. Maji, kipato, afya, usafiri, inatosha, halafu unasasisha mitaa kwa zamu sio yote kwa mpigo.

dada_wa_mwaloni:
Mi nauza dagaa sijui mambo ya kodi ila gemu nacheza sana, naomba mnisikie hapa kwenye kipato. Dagaa anavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi inapumzika, sasa gemu yenu ikipima furaha kwa mauzo ya leo mwalo mzima utakuwa na huzuni kila mwezi wakati sisi tunajua kabisa giza litarudi na tumejipanga. Pimeni akiba. Mwenye akiba anavuka mbalamwezi vizuri tu, asiye nayo ndo anakopa, ndo anaanza kuwaza kuhama. Hapo mchezaji mpeni uwezo wa kujenga kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa, mtaona kinavyobeba watu.

mjenzi_wa_mawe:
Dada hiyo ya akiba naichukua leo leo. Ila harufu ya kuanika dagaa niiwekeje, iwe uchafuzi?

dada_wa_mwaloni:
Kwa nani? Kwangu ni ada ya watoto. Kwa mpangaji anayefanya kazi benki sawa, mpunguzie.

kirumba_juu:
Ndo maana nasema matabaka ya Anno ila ndani ya mitaa, kitu kilekile kinampandisha huyu kinamshusha yule. Na msisahau mazoea. Bomba likifika juu mlimani siku ya kwanza ni shangwe, baada ya muda watu wanaona kawaida, furaha irudi chini taratibu. Ila likikatika hasira iwe kubwa kuliko ile shangwe, maana hata madumu walishagawa.

kodi_na_kahawa:
Na asiye na furaha afanye kitu kinachoonekana, ahame, agome kulipa kodi, kibanda kifungwe. Uso wa kununa juu ya paa pekee hautoshi, mchezaji ataupuuza.

mjenzi_wa_mawe:
Basi tunaenda na mtaa, tabaka ndani yake, akiba badala ya mauzo. Ile namba moja naibakiza juu ya skrini, ukiigusa inafungua ramani ikuonyeshe mtaa ulio na hali mbaya zaidi. Naanza na milima miwili na mwalo mmoja nione simu inavyobeba.

dada_wa_mwaloni:
Weka na mvua. Dagaa wakinyeshewa wameanikwa mchangani wanaishia chakula cha kuku, bei inaanguka hapohapo. Mchezaji akijenga vichanja vya kuanikia juu ya ardhi aone tofauti.