Glock 19 au CZ P-10 C: ipi imfae mnunuzi wa mara ya kwanza?

Mkazi wa Mbale
Ndugu zangu, kibali changu cha kumiliki bastola kimetoka baada ya safari ndefu iliyoanzia kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na kuishia polisi, na sasa sina budi kuchagua. Nina duka la nafaka ambalo hulifunga jioni nikiwa na fedha za siku nzima. Kwa muuzaji mwenye leseni nimeshika Glock 19 ya kizazi cha tano na CZ P-10 C, na ukizisoma karatasini unaona mapacha: zote hutumia risasi za milimita 9×19, magazini (kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mshikio) hubeba 15, mtutu ni milimita 102, bodi ni ya plastiki ngumu, na hakuna kitufe cha usalama cha kusukuma kwa kidole gumba. P-10 C inazidi uzito kwa gramu zipatazo 70. Kiganja changu ni kidogo, na nyumbani nina watoto watatu. Naomba ushauri wa waliozitumia.

Afande Mstaafu
Ndugu wa Mbale, nimebeba Glock miaka mingi, kwa hiyo pima maneno yangu ukilijua hilo. Glock 19 ipo tangu mwaka 1988, ilhali P-10 C ilitoka 2017, na umri huo una faida yake: springi ikichoka au magazini ikipasuka mdomo, ni rahisi zaidi kupata nyingine pamoja na fundi anayeijua. Magazini ya Glock 17 yenye risasi 17 nayo huingia bila kubadilisha chochote.

Kwenye triga, hata hivyo, nitasema kweli: P-10 C inaishinda. Ya Glock hunyumbuka kidogo mwishoni kabla ya kufyatuka, lakini ya P-10 C hufika mahali pamoja na kukatika papo hapo, jambo linalomsaidia sana mwanafunzi.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji hawalisisitizi inavyostahili. Zote mbili hazifunguliwi kwa usafi mpaka uvute triga. Basi toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi (sehemu ya juu inayoteleza nyuma), uangalie chemba, yaani pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa macho, kisha uipapase kwa ncha ya kidole. Ukianza na slaidi wakati magazini imo, utakuwa umetoa risasi moja na kuingiza nyingine, na hapo ndipo watu wanapojipiga kiganjani wakidhani silaha ni tupu.

Mama wa Jinja
Shikamoo Afande. Mimi ninayo P-10 C, na vilengeo vyake vya chuma navipenda kuliko vile vya plastiki vinavyokuja na Glock ya kawaida. Lakini kaka yangu wa Mbale ajue kwamba ikiwa mpya slaidi yake ni ngumu. Miezi ya mwanzo niliivuta kwa kiganja kizima, nikiusukuma mkono wa kulia mbele na kuuvuta wa kushoto nyuma.

Kuhusu kiganja kidogo, zote zina vipande vya mgongo wa mshikio vinavyobadilishwa. Ishike ikiwa tupu, uielekeze mahali salama, kisha utazame nyama ya ncha ya kidole cha shahada: ikiwa inafika kwenye triga bila kifundo cha mkono kupinda, hiyo ni saizi yako. Huku kando ya ziwa unyevu ni mwingi, na jasho la kiunoni hula chuma chochote, kwa hiyo mimi huifuta kwa kitambaa chenye mafuta kila Jumapili.

Mfugaji wa Nakasongola
Kwa kuwa una watoto, kwa nini usifikirie CZ P-07? Ina nyundo ya nje, na mvuto wa kwanza wa triga ni mrefu na mzito.

Afande Mstaafu
Mzee wangu, P-07 ni bastola njema, lakini ina mivuto miwili tofauti ya kujifunza, wa kwanza mzito na inayofuata myepesi, na risasi za mazoezi huku kwetu hazinunuliwi kama chumvi. Tena triga nzito haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni sanduku la chuma lililofungwa ukutani kwa boliti, ufunguo ukiwa mwilini mwa mwenye silaha usiku na mchana. Juu ya kabati na chini ya godoro ndiko watoto wanakoanza kutafuta.

Mkazi wa Mbale
Ahsanteni sana. Leo nimerudi dukani na kufanya jaribio la Mama wa Jinja. Glock isiyo na kipande cha mgongo imekaa vizuri, na kidole kimefika chenyewe. P-10 C, hata kwa kipande chake kidogo kabisa, ilinilazimisha kupinda mkono kidogo, na slaidi yake ilinishinda mara mbili. Nimechukua Glock 19 ingawa triga ya ile nyingine bado naitamani. Nimeiacha kwa muuzaji kwanza: fundi anakuja Jumamosi kufunga sanduku ukutani, nami nitaifuata Jumatatu.