MJADALA: Kuwazuia watu kutembeza mbwa wakati wa korona, serikali ilikuwa sahihi?

Mleta mada (Johannesburg)

Wadau, salaam. Tumebishana huku mpaka chai ikapoa, nikaona niulete uzi hapa.

Kwa wasioikumbuka: Machi 23, 2020 Rais Ramaphosa alitangaza kwamba Afrika Kusini ingefungwa siku 21, kuanzia usiku wa kuamkia Machi 27. Waziri wa afya, Zweli Mkhize, akasema kukimbia peke yako au kumtembeza mbwa ruksa. Kauli haijapoa, waziri wa polisi, Bheki Cele, akaifuta: hakuna mbwa wa kutembezwa. Mkhize naye akarudi nyuma. Pombe na sigara zikapigwa marufuku pia, lakini hizo tuziache, tutakesha.

Mimi naona ile amri ilikosea kipimo. Iliuliza unatoka kwenda kufanya nini, wakati kirusi kinachojali ni umekaribiana na nani. Foleni ya dukani halali, watu wamepangana hadi barabarani. Mtu mmoja na mbwa wake alfajiri, njia nyeupe, huyo mhalifu. Mwenye nyumba yenye bustani hakuumia, alimfungulia mbwa wake akazunguka kwenye majani. Jirani yangu anakaa ghorofa ya nne. Mbwa wake amezoea kujisaidia kwenye nyasi tu, basi anakwaruza mlango, anazunguka, anaubana mkojo mchana kutwa. Jamaa akamwekea boksi la mchanga kibarazani. Mbwa akalifanya kitanda.

Ufaransa waliweza: jaza fomu, toka kwa muda wa saa moja, usizidi kilomita moja kutoka kwako. Kwa nini huku ishindikane?

Mchangiaji (Tanga)

Mkuu, mbwa wa kwetu ni mlinzi. Mchana yuko bandani, usiku anafunguliwa, anajitembeza mwenyewe. Kumvisha mkanda na kuongozana naye barabarani tumeona Masaki. Kweli watu wanakufa, mawaziri wawili wanavutana juu ya mbwa?

Mchangiaji (Cape Town)

Mleta mada, nakupinga, na nitakupinga kirefu.

Nenda Khayelitsha, mtaa wa mabanda hapa Cape Town. Kibanda kimoja cha bati watu sita, bomba la maji mnachangia, choo mnachangia. Watu hao waliambiwa wakae ndani na vibarua vyao vikafa siku hiyo hiyo. Sasa fikiria polisi anamrudisha mtu anayetafuta kibarua, halafu huku Constantia, mtaa wa matajiri, mzungu anapita na mbwa wawili, anapunga mkono. Amri hiyo ingedumu wiki? Watu hutii shida wakiona imewagusa wote.

Halafu ukweli wa kwenye kizuizi cha polisi barabarani: askari atamjuaje mwenye mbwa na aliyeazima mbwa? Hispania waliruhusu mbwa tangu Machi 14, na haikuchukua muda polisi wakamkuta mtu anamkokota mbwa wa mwanasesere. Fomu zako za Ufaransa ungemgawia nani kule ambako hata anwani ya nyumba hakuna?

Mchangiaji (Madrid)

Kwa kuwa Hispania imetajwa. Mbwa walitoka, ndiyo. Watoto hawakuruhusiwa mpaka Aprili 26. Wiki sita! Jengo letu mbwa alishuka asubuhi, mchana na jioni, mwanangu anamhesabia kutoka dirishani. Orodha ya wanaoruhusiwa ikishaanza kuandikwa, wenye sauti ndio wanaotangulia kuandikwa. Sina hakika hilo linamsaidia nani kati yenu.

Mchangiaji (Kampala)

Nyie angalau mlikatazwa mbwa. Huku Aprili 2020 Mzee Museveni alikataza mazoezi ya nje, akatoa video anapiga pushapu ofisini kwake Ikulu, kutuonesha kwamba ndani inawezekana. Inawezekana, ndiyo, ofisi ile ingemeza vyumba vyetu vyote vya Katwe na nafasi ikabaki.

Mleta mada

Wa Madrid, inanisaidia mimi: watoto nao walitakiwa watoke.

Wa Cape Town, hoja ya usawa naiheshimu, ila usawa huo uliuona wapi? Ijumaa Kuu ya mwaka ule, Alexandra, kitongoji cha maskini huku Johannesburg, mkazi alifariki baada ya kudaiwa kupigwa na wanajeshi, yuko nyumbani kwake. Familia ikaenda Mahakama Kuu ya Pretoria, na Mei 15 ikapata amri ya kuwadhibiti askari. Marufuku ya jumla haikumpunguzia maskini kirungu hata kimoja. Ilimpa askari sababu zaidi ya kuuliza "unatoka wapi?"

Na Mei 1 walipolegeza, wakatoa saa 12 hadi saa 3 asubuhi, ndani ya kilomita 5. Mji mzima ukamwagika barabarani kwa mpigo. Wangeruhusu kutwa nzima, watu wangetawanyika.

Mchangiaji (Cape Town)

Kwenye hayo masaa matatu nakubali. Sea Point siku ile ungedhani ni sikukuu, wakimbiaji, baiskeli, mbwa, wote wamejazana kwenye njia ya pwani. Alexandra pia sina la kukujibu, ni aibu.

Lakini bado hujajibu la kwangu. Kutwa nzima ukiiruhusu, yule wa kibanda cha watu sita naye atatoka, na ana sababu nzito kuliko mbwa. Askari amwambie nini? Ukisema "naye atoke", basi sema wazi hukutaka nchi ifungwe, tujadili hilo.