Mjadala: Mwenye silaha halali aweke risasi ngapi nyumbani, na je, sheria ipange kikomo?

MtoaMada
Wakuu, naomba tuijadili hii kwa hesabu, tuache hofu pembeni. Mtu ana leseni na ana bastola ya milimita 9, au bunduki ya kuwindia, au vyote viwili. Aweke risasi ngapi ndani ya nyumba? Wapo wanaosema 50 zinatosha na kuzidisha ni kutafuta balaa. Wengine wanasema chini ya 1,000 ni uzembe.

La pili ni la sheria. Afrika Kusini, Sheria ya Udhibiti wa Silaha namba 60 ya mwaka 2000 inampa mmiliki wa kawaida risasi 200 kwa kila silaha iliyo kwenye leseni yake. Mwindaji au mwanamichezo mwenye hadhi maalumu habanwi na namba hiyo. Uingereza hawana namba moja kwa wote: cheti cha kila mtu huandikwa kiasi anachoruhusiwa kuwa nacho na kiasi anachoweza kununua kwa mara moja, na muuzaji hujaza mauzo kwenye cheti hichohicho. Risasi za bunduki za marisau hazimo katika utaratibu huo. Marekani hakuna kikomo cha taifa zima kwa risasi za kawaida. Nani yuko sahihi?

Mkufunzi_Shabaha
Mkuu, namba haitoki hewani. Chukua risasi unazotumia kwa mwezi, zidisha kwa miezi unayoweza kukaa bila kupata nyingine, kisha ongeza akiba ya ulinzi. Basi.

Akiba ya ulinzi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Magazini (vibebeo vya risasi vinavyoingia kwenye bastola) mbili za risasi 15 ni 30. Ongeza 20 za kubadilishia zile zilizokaa ndani ya bastola muda mrefu, unapata boksi moja la 50. Lakini kabla hujaiamini aina mpya ya risasi, piga walau 50 kwa bastola yako mwenyewe bila kukwama hata mara moja. Risasi zenye ncha yenye tundu hukwama kwenye bastola fulani wakati zile zenye ncha ya mviringo zinapita bila shida. Kwa hiyo tuseme 100 za aina ya ulinzi, nusu zipigwe mapema, nusu zibaki.

Mazoezi ndiyo yanayokula risasi. Anayekwenda uwanja wa shabaha mara moja kwa mwezi akipiga 100 anamaliza 1,200 kwa mwaka. Ikiwa upatikanaji ni wa uhakika ndani ya miezi miwili, 200 za mazoezi na 50 za ulinzi zinamtosha. Asiyefanya mazoezi kabisa hana sababu ya kuwa na 1,000. Huyo akiweza, anunue zile 50 na masomo.

Mwindaji_Nyika
Hesabu ya Mkufunzi ni ya bastola. Kwa bunduki ya kuwindia mambo ni mengine, na hapa ndipo vikomo vya jumla vinapoumiza watu wasio na kosa.

Risasi za kiwanda kimoja, uzito uleule, zikitoka matoleo mawili tofauti zinaweza kupiga mahali tofauti kwenye shabaha ya mita 100. Baruti ya toleo moja si sawa kabisa na ya toleo jingine. Ndiyo maana kwenye boksi kuna namba ya toleo, na anayejali mnyama asijeruhiwe akatokomea porini huisoma kabla ya kulipa. Kwa kaliba (kipenyo cha risasi) ya .308, mtu makini kwa mwaka anatumia kama 20 kurekebisha darubini, 40 za mazoezi kwa mikao tofauti, na 10 za uwindaji wenyewe. Hizo ni 70. Akinunua 200 za toleo moja, anakaa karibu miaka mitatu bila kurekebisha upya. Akilazimishwa kununua 20-20, kila boksi ni kazi mpya na anapoteza risasi tatu hadi sita kuhakikisha tu bunduki bado inapiga pale pale.

Uzito wake nao uzingatiwe. Risasi 1,000 za .308 ni kama kilo 25. Za milimita 9 ni kama kilo 12. Za .22 hazifiki kilo nne.

Bi_Salama
Ndugu zangu, mnapiga hesabu ya mpigaji. Nani anapiga hesabu ya nyumba?

Kila risasi iliyomo ndani ni ya kulindwa isifikiwe na watoto, na wageni, na mwizi, na hata na mwenye nyumba mwenyewe siku akiwa na majonzi. Mwaka 2005 jarida la tiba la JAMA la Marekani lilichapisha utafiti uliolinganisha nyumba zenye bunduki ambamo kijana alijiua au kujiumiza kwa bunduki, au mtoto alijeruhiwa kwa bahati mbaya, na nyumba nyingine zenye bunduki ambamo hayo hayakutokea. Mambo manne yaliambatana na hatari ndogo: bunduki kufungiwa, bunduki kutokuwa na risasi ndani, risasi kuwekwa mahali tofauti na bunduki, na risasi zenyewe kufungiwa. Mbili kati ya nne zinahusu risasi.

Uswisi walikuwa na desturi ya askari kukaa na kopo la risasi lililozibwa nyumbani, pamoja na bunduki ya jeshi. Mwaka 2007 ikaamuliwa makopo yarudishwe ghalani. Bunduki nyingi zikabaki majumbani. Walielewa kwamba kwenye risasi ndipo unapoweza kuishika hatari.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: za mazoezi zikae kwenye kabati la klabu, nyumbani zibaki za ulinzi tu.

Mkufunzi_Shabaha
Dada, utafiti huo naukubali wote, lakini hausemi idadi. Anayetaka kujidhuru anahitaji moja. Boksi la 50 lililo kwenye droo ya kitanda ni hatari kuliko 2,000 zilizo ndani ya kabati la chuma lenye ufunguo wake pekee. Tukiweka nguvu zote kwenye kikomo, watu watatii namba na kuacha droo wazi.

Bi_Salama
Hapo umenena, na sitakubishia: kufuli kwanza. Ila idadi inarudi kwenye wizi. Mwizi akikuta 50 anaondoka na 50. Akikuta 2,000 amelisha silaha za magendo za mtaa mzima. Na ukimuuliza mwenye 2,000 zimebaki ngapi, hajui. Huwezi kuripoti upotevu wa kitu usichojua idadi yake.

Zimamoto_B
Kuna hoja ya moto ambayo hutumiwa vibaya na pande zote mbili, niiweke sawa.

Risasi iliyo nje ya mtutu ikishika moto hailipuki kama inavyopigwa na bunduki. Baruti huanza kuwaka ikifika joto la nyuzi 170 hivi, ganda linapasuka kwa sababu hakuna chemba (sehemu ya silaha risasi inapokaa ikipigwa) ya kulibana, na kinachoruka kwa kasi ni fataki (kile kitufe cha kitakoni kinachopigwa na pini) na vipande vya ganda. Kichwa cha risasi hakipati kasi kubwa, hivyo hakiendi mbali. Vipande hivyo vinaweza kutoboa jicho au ngozi tupu, lakini mavazi kamili ya zimamoto huvizuia. Boksi 20 za risasi zikiungua zinatisha kwa kelele, na moto wenyewe huwa mkubwa zaidi kwa sababu ya makochi na magodoro kuliko kwa sababu yake.

Hatari ya kweli ni silaha iliyoachwa na risasi ndani ya chemba. Hiyo ikipata joto inafyatuka yenyewe, na kichwa kinatoka kwa kasi yake yote kuelekea popote mtutu ulipoelekea. Bunduki moja iliyojazwa inanitisha kuliko kasha zima.

Kwa wanaotengeneza risasi wenyewe kwa kujaza maganda nyumbani, baruti isiyofungwa kwenye maganda ni habari nyingine. Kanuni za NFPA 495 (za chama cha kinga dhidi ya moto) za Marekani zinaruhusu katika makazi hadi kilo 9 hivi za baruti isiyo na moshi ikiwa ndani ya makopo yake ya kiwandani, na kutoka hapo hadi kilo 22.7 ikiwa ndani ya kabati la mbao la unene wa inchi moja. Fataki zisizidi 10,000. Kwa nini mbao na si sefu? Kwa sababu baruti ikiwaka ndani ya sefu la chuma gesi haina pa kutokea, na hapo umetengeneza bomu. Kopo la kiwandani limeundwa liachie mapema. Ukihamisha baruti kwenye chombo cha chuma kizito umejidhuru mwenyewe.

Ombi langu ni moja tu: anayeweka nyingi awaambie waokoaji mara wanapofika zipo chumba gani.

FundiMtutu
Wakuu wote mmesahau kwamba risasi huharibika. Hoja ya kuweka za miaka kumi inategemea zinavyotunzwa.

Kwanza joto. Baruti ya kisasa ina kiimarishi kinachokula asidi inayozalika taratibu ndani yake. Joto likipanda, kiimarishi kinakwisha haraka. Kwa hiyo isiwe darini chini ya bati, isiwe ndani ya gari. Chumba chenye joto lisilobadilikabadilika ni bora kuliko chumba kinachopoa usiku na kuchemka mchana, maana mabadiliko hayo huleta jasho ndani ya kasha.

Pili unyevu. Kasha la chuma lenye mpira kwenye mfuniko ni zuri, lakini ukilifunga siku ya mvua umefungia unyevu ndani. Lifunge hewa ikiwa kavu, weka kifuko cha silika cha kunyonya unyevu, kile kinachobadili rangi, na usilifungue kila wiki kuangalia. Risasi za matumizi ya karibu ziwe kwenye kasha dogo la pembeni ili lile kubwa libaki limefungwa.

Tatu, na hili wengi hawalijui, ni amonia. Shaba nyeupe ya ganda ikiwa imebanwa na kupata mvuke wa amonia hupasuka yenyewe. Jeshi la Waingereza huko India katika karne ya 19 liliweka risasi kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika, zikapasuka shingoni, na chanzo kikaja kuelezwa mwaka 1921: amonia ya mikojo. Kwa hiyo risasi zisikae stoo moja na mbolea, banda la mifugo au dawa ya kusafishia vioo. Usizipake mafuta pia. Mafuta mepesi hupenya kwenye fataki na kuiua.

Nne ni risasi inayotolewa na kurudishwa chemba kila siku. Kila slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayokwenda mbele na nyuma) inapoipiga mbele, kichwa hugonga njia ya kuingilia na kuzama kidogo ndani ya ganda. Nafasi ya baruti ikipungua, mgandamizo hupanda sana. Ilinganishe na nyingine ya boksi hilohilo kwa kipimo cha kalipa. Ikiwa fupi kwa robo milimita, iweke kando. Usiirudishe mara ya tatu chemba hata kama macho hayaoni tofauti.

Dalili za kukataa risasi: kutu ya kijani inayoacha shimo ukiifuta, ufa shingoni, fataki iliyochomoza, kichwa kinachozunguka kwa vidole. Ukivuta trigari isilie, mtutu ubaki umeelekea shabaha sekunde 30 ndipo uitoe, kwa sababu inaweza kuwa imechelewa tu. Ikilia kwa mlio hafifu usio wa kawaida, simama. Toa risasi zote na uangalie ndani ya mtutu. Kichwa kikiwa kimekwama humo, risasi inayofuata inapasua mtutu mkononi.

Mwindaji_Nyika
Fundi ameniunga mkono bila kutaka. Zikitunzwa hivyo zinakaa miongo. Basi kwa nini nisiweke za mwaka mzima? Marekani mwaka 2013 risasi za .22 zilipotea madukani kwa miezi, na mwaka 2020 hadi 2021 upungufu ukarudi karibu kwa kaliba zote. Mkufunzi anazungumzia miezi miwili ya kusubiri. Siku hizo miwili ilikuwa haitoshi.

Mkufunzi_Shabaha
Upungufu huo ulizidishwa na watu walewale wanaonunua 5,000 kwa woga wa upungufu. Lakini nakubali miezi miwili ni kidogo kwa mwenye mashindano. Kwa anayepiga 100 kwa mwezi, miezi sita ni 600, na akiba inakuwa 650. Juu ya hapo lazima anieleze anazitumia lini. Mwenye .308 aruhusiwe 200 za toleo moja hata kama matumizi yake ni 70, kwa sababu aliyoieleza Mwindaji ni ya kiufundi.

Ndiyo maana kwenye swali la sheria nauona mfumo wa cheti una akili kuliko namba moja kwa wote. Namba 200 inamtosha mwindaji na inamzidi asiyefanya mazoezi, halafu inambana anayejifunza bastola kwa bidii mpaka akatafute hadhi maalumu. Cheti kinauliza sababu, kinaandika kiasi.

Bi_Salama
Cheti nakikubali kwa sharti moja: daftari. Safu tano tu zinatosha: tarehe, kaliba, namba ya toleo, zilizoingia au kutoka, zilizobaki. Boksi jipya linaandikwa tarehe kwa kalamu ya wino mzito na kukaa nyuma. La zamani linatoka kwanza. Mwisho wa mwezi mwenye silaha anafungua kabati mwenyewe na kuhesabu. Pungufu ya hata moja isiyo na maelezo inaripotiwa polisi siku hiyohiyo. Zilizoharibika nazo zipelekwe polisi au kwa muuzaji mwenye leseni, baada ya kuwapigia simu kwanza. Zisitupwe jalalani, zisifukiwe, zisichomwe na takataka. Asiyeweza kufanya hivyo kwa risasi 650, apewe kikomo cha zile anazoweza kuzihesabu.

Mwindaji_Nyika
Daftari sina tatizo nalo. Polisi kuingia ndani kulikagua bila taarifa, hapo bado sijakubali, na ningependa tuendelee na hilo.