Rais akiteua majaji peke yake, Mahakama inabaki huru? Tujadili

Mleta mada

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kuingiza vyama. Msimamo wangu ni kwamba utaratibu wetu Tanzania wa kuwapata majaji unampa Rais nguvu kupita kiasi, na siku tukiandika Katiba upya hapa ni mahali pa kuanzia, hata kabla ya tume ya uchaguzi.

Ibara ya 107A inasema mamlaka yenye kauli ya mwisho katika utoaji haki ni Mahakama, na 107B inasema mahakama zote zitakuwa huru. Sasa tazama wanaokaa kwenye mahakama hizo wanafikaje pale. Jaji Mkuu anateuliwa na Rais (ibara ya 118): hakuna orodha anayopelekewa, hakuna usaili, hakuna kupitishwa na Bunge. Majaji wa Rufani anawateua Rais baada ya kushauriana na huyo Jaji Mkuu. Wa Mahakama Kuu anawateua Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Halafu soma ibara ya 37: Rais halazimiki kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Kwa majaji Katiba inamtaka ashauriane tu. Akishasikiliza, anaweza kuteua mwingine kabisa na hajavunja kitu.

Na hiyo Tume yenyewe ni akina nani? Ibara ya 112 inawataja: Jaji Mkuu, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Jaji mmoja wa Rufani, Jaji Kiongozi (mkuu wa Mahakama Kuu), na wajumbe wawili. Wote sita, kila mmoja kwa njia yake, wameteuliwa na Rais. Hakuna hata mmoja aliyechaguliwa na majaji wenzake, na mawakili hawana mwakilishi waliyempeleka wao.

Kuna jingine linalosemwa kwa nadra. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65, lakini Rais akiona inafaa kwa manufaa ya umma anaweza kumwongezea muda. Jaji aliyebakiza mwaka mmoja, mezani ana kesi ambayo Serikali inaitaka sana, na muda wake wa ziada uko mikononi mwa mkuu wa Serikali hiyo hiyo. Tumeona pia mwaka 2017 nchi ikikaa na Kaimu Jaji Mkuu kuanzia Januari hadi Septemba, Profesa Ibrahim Juma, kisha 2023 huyo huyo akaongezewa muda baada ya kutimiza 65. Simtuhumu yeye kwa lolote. Nasema mkuu wa mhimili mzima asiwekwe katika hali ya kusubiri barua kutoka mhimili mwingine.

Nakaribisha hoja.

Mchangiaji, Dodoma

Ndugu mleta mada, umesoma vifungu vya kuingia ukaruka vya kutoka. Rais anateua, ndiyo, lakini hawezi kumfukuza jaji kwa kuamka tu asubuhi. Ibara ya 110A inamtaka aunde tume ya uchunguzi ambayo mwenyekiti wake na angalau nusu ya wajumbe wengine ni majaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, na ushauri wa tume hiyo anabanwa kuufuata. Uhuru wa jaji unalindwa hapo, akishakaa kwenye kiti.

Ushahidi upo. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu binti wa miaka 15, na hata 14, kuolewa vinakwenda kinyume na Katiba. Serikali ikakata rufaa, 2019 ikashindwa. Kesi ya Mtobesya nayo: kifungu kilichomwezesha Mkurugenzi wa Mashtaka kuzuia dhamana kwa hati yake tu kilifutwa 2015, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hilo 2018. Majaji hao hao wa kuteuliwa na Rais!

Na mimi nauliza: Rais nimempigia kura, akikosea namnyima. Hao wanasheria mnaotaka wateuane wenyewe kwa wenyewe, mwananchi wa kawaida anawawajibisha vipi?

Mchangiaji, Mombasa

Nawasalimu kutoka Pwani. Huku kwetu tulishalifanya mnalolitaka, na mjue lilivyokwenda. Katiba yetu ya 2010 inasema Rais huteua majaji kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama. Hachagui. Tume ina watu 11, wakiwemo majaji na hakimu waliochaguliwa na wenzao, mawakili wawili waliochaguliwa na chama chao, na raia wawili wanaopitishwa na Bunge. Mwaka 2021 waliotaka kuwa Jaji Mkuu walisailiwa hadharani, tukawatazama kwenye televisheni wakiulizwa maswali magumu.

Lakini Julai 2019 Tume ilipeleka majina 41, Rais Uhuru Kenyatta akayakalia, akisema baadhi yana dosari za uadilifu. Mahakama Kuu ikasema hana hiari. Hakuapisha. Juni 2021 akateua 34 akawaacha sita, mmoja akiwa ameshafariki. Sita hao waliteuliwa Septemba 2022, Rais mpya William Ruto alipoingia. Miaka mitatu, na wenye kesi za ardhi wanazungushwa kwa kuwa majaji hawatoshi. Kwa hiyo andikeni vizuri kutushinda.

Mleta mada

Shukrani ndugu yangu wa Mombasa. Angalia hiyo Katiba yenu: ibara ya 168 inampa Rais siku 14 kuunda jopo la kumchunguza jaji. Ya 166, ya kuteua, haina siku. Tundu ndilo hilo. Sisi tuandike siku 14, zikipita Jaji Mkuu aapishe.

Wa Dodoma, kesi ulizotaja ni za kweli na najivunia majaji wale. Ila kwenye Sheria ya Ndoa Serikali ilipewa mwaka mmoja irekebishe, na mwaka huo ukapita bila marekebisho. Kuhusu kuwajibika, sijasema wanasheria wateuane. Nataka raia wasio wanasheria wawemo, na usaili uwe wazi. Kura yako ya kila miaka mitano haiwezi kukwambia kwa nini fulani alifanywa jaji na mwenzake akaachwa, usaili wa wazi unaweza.

Mchangiaji wa wilayani

Mnazungumza majaji tu, sisi huku haki yetu iko kwa hakimu wa mahakama ya mwanzo. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu Mkuu wa Wilaya kuagiza mtu awekwe ndani hadi saa 48. Na Sheria ya Uendeshaji wa Mahakama ya 2011 inamfanya Mkuu wa Wilaya huyo huyo kuwa mwenyekiti wa kamati ya maadili inayopokea malalamiko dhidi ya hakimu. Naye ni mteule wa Rais. Mwananchi mwenye ugomvi na ofisi ya wilaya akisimama mbele ya hakimu huyo, mleta mada na wa Dodoma, nyote wawili mnamwona yuko mbele ya mtu huru?

Mleta mada

Mimi simwoni. Ndugu wa Dodoma, umeitetea ibara ya 110A kwamba inamlinda jaji. Hakimu hana kinga hiyo, na kesi nyingi za wananchi zinaanzia kwake. Kamati ya maadili ya wilaya kuongozwa na Mkuu wa Wilaya unaitetea kwa hoja gani?