Naombeni msaada: sarafu ya Kirumi yenye askari wawili, na "medali" ya Hadrian ninayouziwa paundi 120

MwanaPangani

Wakuu salaam. Niko Birmingham mwaka wa sita sasa, kazi ya ghala zamu ya usiku. Mwaka jana nilipita soko la Jumapili nikakuta mzee ana kopo limejaa vipande vya shaba vimeganda udongo, anauza paundi 3 kimoja, anasema ni pesa za Warumi. Nikachukua vitano. Siku ile sikulala, nilikaa navyo mezani chini ya taa navigeuza geuza mpaka mke wangu akaja kuniuliza kuna nini.

Sasa nina maswali. Kuna kimoja kidogo, milimita 17 hivi, kimesomeka vizuri kuliko vingine. Mbele kuna kichwa cha kijana kavaa shada la majani, pembeni nasoma ...NVS IVN NOB C. Nyuma askari wawili wamesimama wanatazamana, mikuki mkononi na ngao zimegusa chini, katikati yao kuna milingoti miwili kama ya bendera, na chini kabisa herufi TRP. Ni ya nani hii na ya mwaka gani?

La pili ni kusafisha. Kimoja nilikiloweka kwenye ndimu na chumvi usiku mzima, vile tunavyosafisha masinia ya shaba nyumbani. Asubuhi nimekitoa kimekuwa cha pinki, kina vitundu vitundu na sura yote imeondoka. Imeniuma sana maana nahisi nimeharibu kitu ambacho hakirudi. Hivi vilivyobaki nifanyeje?

La tatu kuna muuzaji onlaini ana medali ya shaba ya mfalme Hadrian, anasema ni medali kweli siyo sarafu ya kawaida, milimita 40, nyuma ina mwanamke kakaa na herufi kubwa S C. Anataka paundi 120 na anasema kuna mtu mwingine anaitaka kwahiyo niamue leo. Nichukue?

Shaba_na_Fedha

Mkuu karibu, na kabla ya yote usilipe hiyo 120. Nitakwambia kwanini ila ngoja nianze na kijana wako maana huyo ndiye mwenye raha.

IVN ni Iunior, yaani mdogo, NOB C ni Nobilissimus Caesar, Kaisari mtukufu sana, yaani mfalme mdogo aliye chini ya mfalme mkuu. Huyo ni Constantine wa Pili, mtoto wa Constantine yule mkubwa. Ingekuwa ya baba ungesoma MAX AVG mwishoni, yaani Maximus Augustus, cheo cha mfalme mkuu, watu wengi wanawachanganya kwasababu jina ni lilelile na sura zinafanana, kinachowatenganisha ni hizo herufi za mwisho tu. Dogo alipewa cheo cha Kaisari mwaka 317 akiwa bado mtoto mchanga, na mwaka 340 akauawa karibu na Aquileia kwenye vita na upande wa mdogo wake Constans. Askari wawili ni aina inayoitwa GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi, angalia kuzunguka ukingo utaziona hizo herufi au mabaki yake. Milingoti katikati hesabu vizuri, ikiwa miwili ni kati ya 330 na 335 hivi, baadae wakapunguza uzito wa sarafu wakabakisha mlingoti mmoja. TRP ni kiwanda cha Trier, ipo Ujerumani sasa hivi, TR ndiyo mji na P ni karakana ya kwanza, ya pili iliandika S. Yaani kwa herufi tatu unajua mpaka chumba ilipogongwa. Kwa pesa za leo haina bei kubwa, zilitolewa nyingi mno, lakini paundi 3 umeokota.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe ingia OCRE, ni bure, ya American Numismatic Society, unaandika herufi unazoziona inakuletea picha za kufananisha.

Sasa medali. Wengi wanadhani medali ni sarafu kubwa tu. Medali ya Kirumi ilikuwa zawadi ya mfalme kwa watu wake, maafisa, wakuu wa jeshi, mara nyingi mwaka mpya au kwenye sherehe, haikutengenezwa kwa ajili ya kununulia mkate sokoni. Na S C ni Senatus Consulto, kwa idhini ya seneti, alama ya sarafu za shaba za matumizi kama sestertio. Medali za shaba kwa kawaida hazina S C kwasababu zimetoka kwa mfalme mwenyewe. Kwahiyo huyo muuzaji anakuuzia medali yenye alama ya sarafu, na sestertio ya Hadrian nayo inacheza milimita 30 hadi 35 huko, siyo 40. Na medali halisi ya Hadrian huwezi kuipata kwa 120, ni maelfu. Kuna fundi wa Padua huko Italia, Giovanni da Cavino, miaka ya 1500 alikuwa anatengeneza sestertio na medali za kuiga kwa ustadi wa ajabu, na nakala za nakala zake zimezagaa mpaka leo, nyingi ni za kumiminwa tu.

Muombe picha ya ukingo. Hiyo moja tu. Sarafu ya Kirumi iligongwa: kipande cha shaba kinawekwa katikati ya mihuri miwili ya chuma mtu anashusha nyundo, ndiyo maana picha mara nyingi imekaa upande na ukingo unapasuka pasuka. Ya kumimina inaacha mshono kuzunguka ukingo, na herufi zake zinakuwa za mviringo kama sabuni iliyotumika.

BintiMkoani

Pole kaka kwa ile ya ndimu. Ile ngozi ya kijani au kahawia kwenye shaba ya kale ndiyo iliyobeba sura, chini yake mara nyingi shaba yenyewe imeshaliwa, ukiitoa kwa asidi umetoa na mfalme. Hizo nyingine weka kwenye maji ya distili, yale ya kujazia betri ya gari (soma chupa vizuri isije ikawa asidi), badilisha maji kila baada ya siku chache, wiki hata miezi, alafu udongo unautoa taratibu kwa kijiti cha meno au mswaki laini. Ukiona unga wa kijani mpauko unaodondoka ukigusa, huo ni ugonjwa wa shaba, chumvi ya ardhini ikikutana na unyevu inaendelea kula. Itenge hiyo. Zote zikishakauka hifadhi pakavu, vile vifuko vidogo vinavyokuja ndani ya boksi la viatu vinasaidia sana.

Ila nina la kusema na naomba lisichukuliwe vibaya. Kopo la mzee limetoka wapi? Nauliza kwasababu sarafu ikishang'olewa ardhini bila kuandikwa ilikuwa wapi na na nini, nusu ya habari yake imekufa. Kwetu Pemba pale Mtambwe Mkuu mwaka 1984 zilipatikana sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2000 pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Misri ya zamani, na ni kukaa kwao pamoja ndiko kulikosaidia kujua zile za fedha ni za karne ipi. Angepita mtu akauza za dhahabu peke yake leo tungekuwa gizani.

MzeeWaKilindini

Namuunga mkono bibie. Mfano uko huko huko Uingereza: mwaka 2010 karibu na Frome, Somerset, mtu na kipima chuma chake alipata sarafu chache akaona mdomo wa mtungi, akaacha kuchimba akaita wataalamu. Wakatoa tabaka kwa tabaka, sarafu 52,503. Na zile za mwisho kwa umri, za Carausius, jemadari aliyejitangaza mfalme huko Uingereza, zilikutwa nyingi chini mtungini, sio juu! Maana yake mtungi haukujazwa kidogo kidogo kwa miaka, ulijazwa kwa mara moja. Angemwaga zote kwenye ndoo nani angejua hilo.

Mdogo wangu nenda kamuulize yule mzee wa sokoni, muombe risiti hata ya mkono, andika tarehe na alichokwambia. Na wewe ukiokota zako mwenyewe shambani kwa watu, 10 za shaba kutoka sehemu moja au 2 za fedha hiyo kisheria inaweza kuwa hazina, inaripotiwa ndani ya siku 14.

Kuhusu medali, ukitaka kujua ni kitu gani hasa tafuta picha ya ile ya Arras, Ufaransa, iliokotwa 1922 Beaurains na wafanyakazi waliokuwa wanachimba udongo. Dhahabu, uzito wa aurei 10, yaani sarafu kumi za dhahabu za Kirumi. Constantius, baba yake Constantine mkubwa, juu ya farasi, mbele yake mji wa London kama mwanamke kapiga magoti langoni, chini meli imejaa askari. Mimi nimeitazama mara nyingi sana na bado kila siku naona kitu kipya kwenye ile meli.

MwanaPangani

Wakuu nimerudi. Nilimuomba muuzaji picha ya ukingo, kwanza akakasirika akasema kama simuamini niache, baadae akatuma. Mshono upo, unaonekana wazi mstari umezunguka wote. Nimeachana nae.

Jumapili nimeenda kwa mzee. Anasema kopo alinunua kwenye mnada wa vitu vya marehemu miaka ya tisini, na ana karatasi ya mnada, amekubali nipige picha. Dada BintiMkoani asante, nisingeuliza.

Milingoti ni miwili, nimehesabu kwa lenzi. Na kile kipande cha nne kimekaa siku 12 kwenye maji, jana usiku udongo umeachia kidogo upande wa nyuma. Naona mnyama kasimama kageuza kichwa, na chini ya tumbo lake vitu viwili vidogo kama watoto.

Shaba_na_Fedha

Mkuu taratibu hapo, usikwangue! Huyo ni mbwa mwitu jike ananyonyesha Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma. Juu yake tafuta nyota mbili. Na ukigeuza mbele hutamkuta mfalme, utakuta kichwa chenye kofia ya chuma na herufi VRBS ROMA, mji wa Roma.