Kusoma lugha ya mwili kama kazi: saikolojia, kozi ya uso au TaSUBa?

Mwana_Chumbageni
Habari zenu wakuu. Niko Tanga mjini, nina stashahada ya utawala, kwa sasa nipo mapokezi kwenye hoteli. Kila siku nasoma watu wanavyoingia, na nimegundua hiki ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote. Nataka kiwe kazi: kufundisha, kushauri kampuni zinapoajiri, ikiwezekana na kukaa kwenye mazungumzo ya biashara. Nina njia tatu mbele yangu:
- shahada ya saikolojia, miaka mitatu;
- kozi ya mtandaoni ya kusoma uso, unasoma kwa muda wako, mwisho unapewa cheti;
- stashahada ya sanaa za maonyesho TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Fedha niliyonayo inatosha njia moja tu. Aliyepita mojawapo anieleze inafundisha nini hasa na inalipa vipi. Niambieni ukweli hata kama ni mchungu.

Karani_Ngamiani
Mkuu, mimi ni afisa rasilimali watu kiwandani, huku huku Tanga. Nianze na ajira. Sijawahi kuona tangazo linalotafuta mtaalamu wa lugha ya mwili. Wanaotafutwa ni maafisa ajira, wakufunzi wa huduma kwa wateja, washauri nasaha, wachunguzi wa madai ya bima. Ujuzi unaoutaka unaishi ndani ya kazi hizo. Shahada ya saikolojia inakufungulia mlango wa kuingia, na inakufundisha kuuliza "umejuaje?" kila mtu anapokuja na dai. Hilo la pili naliona kubwa kuliko cheti chenyewe.

Fundi_Sura
Mimi nimesoma hiyo ya uso na mtihani wake nikafanya, kwa hiyo ngoja niifungue.

Mfumo unaoheshimika unaitwa FACS. Wanasaikolojia wa Marekani, Paul Ekman na Wallace Friesen, waliutoa mwaka 1978, ukaja kuboreshwa 2002. Unafundishwa kuona kila msuli wa uso unapojongea na kuutaja kwa namba. Nyusi zikipanda upande wa ndani, hiyo ni 1. Pembe za mdomo zikivutwa juu, 12. Mashavu yakinyanyuka na ngozi ya pembeni mwa macho ikakunjika, 6. Unakaa na kipande cha video cha sekunde chache, unakirudisha, unakwenda picha moja baada ya nyingine, mpaka uone kwamba huyu katabasamu 12 bila 6: mdomo umecheka, macho yametulia. Tabasamu hizo mbili daktari Mfaransa Duchenne alizitofautisha tangu 1862. Ni kazi ya subira, macho yanauma, lakini naipenda mno.

Sasa shika hili: FACS inakwambia msuli gani umejongea, basi. Mtu anawaza nini, haisemi. Aliyetabasamu 12 bila 6 anaweza kuwa anakuficha kitu, anaweza pia kuwa mpokea wageni aliyechoka, kama wewe saa tisa usiku. Wanaoihitaji kwa kazi ni watafiti na wanaotengeneza sura za katuni kwenye kompyuta, na hao kwetu Tanga ni wa kutafuta kwa tochi.

Kozi nyingi za bei nafuu mtandaoni hazina hata hiyo FACS. Zinauza namna ya kumjua mwongo kwa dakika chache. Utazitambua kwa namba moja: asilimia 93 ya mawasiliano ni mwili na sauti. Chanzo chake ni majaribio ya Albert Mehrabian ya 1967, yaliyohusu namna tunavyopima hisia za mtu pale neno, sauti na sura vinapopingana. Kuitumia kwa hotuba nzima au kwa usaili wa kazi ni kumsingizia. Mkufunzi akianza na namba hiyo, funga mfuko.

Lindo_Mstaafu
Naunga mkono. Nimefanya kazi ya ulinzi miaka mingi, na vijana wengi wanaingia wakiamini watamjua mwongo kwa kumtazama. Mwaka 2006 Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha tafiti nyingi za jambo hili: watu wa kawaida wanapatia mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi hewani unapata 50. Wamarekani nao waliweka viwanjani mwa ndege maofisa wa kusoma tabia za abiria kuanzia 2007, zikaenda takriban dola milioni 900. Mwaka 2013 ofisi yao ya ukaguzi wa serikali ikashauri fedha hizo zipunguzwe, kwa kuwa ushahidi kwamba mbinu inafanya kazi haukuonekana. Kijana akija kwangu kuomba kazi kwa cheti cha kunasa waongo, simchukui.

Bi_Mkubwa_Pangani
Mwanangu Mwana Chumbageni, mimi sina cheti cha hayo. Nimekaa baraza la kata nikisikiliza kesi za mipaka, madeni na ndoa. Naomba nikwambie jambo moja na ulishike, maana linaumiza watu.

Binti wa mwambao akiitwa mbele ya wazee anainamisha macho. Anakunja mikono, anakaa pembeni ya kiti, sauti inashuka. Hiyo ni adabu aliyofunzwa nyumbani. Akija mtu mwenye kitabu cha ugenini atamwandika mwongo, na kesi yake inaharibika pale pale. Nimeona mjane akitiliwa shaka kwa hilo tu, huku shemejiye anayemkodolea kila mtu macho akiaminiwa shamba. Tulipouliza majirani wa pande zote nne za mpaka, shamba likarudi kwa mwenyewe.

Ukija kufanya kazi hii, anza kwa kumtazama mtu anapozungumza yasiyo na ugomvi: mvua, nazi, watoto. Ujue yeye hukaaje. Kisha ndipo usikilize la kesi.

Fundi_Sura
Shikamoo Bi Mkubwa. Utafiti uko upande wako kabisa. Mwaka 2006 zilichapishwa tafiti zilizouliza watu wa nchi 58 mwongo wanamjuaje, na jibu lililoongoza lilikuwa kukwepa macho. Ila waongo wanapopimwa kweli, kukwepa macho hakuwatenganishi na wasema kweli. Dunia nzima inaamini alama isiyofanya kazi.

Kaole_Jukwaani
Nimesoma TaSUBa, ile iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa. Njia hii haikufundishi kuhukumu mtu. Inakufundisha kuona uzito wa mwili uko mguu gani, pumzi inakatika wapi, mabega yanapanda kwenye neno lipi, na kwanza unajifunza kwa mwili wako. Kinachonilipa ni kufundisha watu kusimama na kusema. Waongoza watalii hapa Bagamoyo, kwa mfano: wengi husimama wakiwa wameyaelekea magofu, mgongo kwa mgeni, sauti inapotelea ukutani. Nawageuza wakae ubavu, mkono wa karibu na jengo ndio uonyeshe, watulie kabla ya kutaja mwaka. Somo la asubuhi moja, na mgeni anaanza kuuliza maswali. Fedha ya msimu, siyo mshahara. Lakini wateja hawa wapo leo.

Mkalimani_Makorora
Wakuu mmesahau ukalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Huko uso ni sehemu ya sarufi, usipousoma umekosa sentensi. Watu wanaohitaji mkalimani hospitalini na mahakamani ni wengi, sisi ni wachache.

Mwana_Chumbageni
Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni wote. Kozi ya mtandaoni nimeifuta. Karani, nikichukua saikolojia huku nikibaki hotelini, niombe nafasi ipi kwanza ili niguse usaili?

Karani_Ngamiani
Omba kuwa mwandishi wa kumbukumbu kwenye usaili, hata hapo hapo hotelini wanapoajiri. Unakaa pembeni, unaandika jibu na kilichofanyika mwilini, bila kutoa hukumu. Halafu soma kazi za mwanasaikolojia Aldert Vrij wa Chuo Kikuu cha Portsmouth, Uingereza. Yeye anapendekeza swali ambalo mtu hakulitarajia, au kumwomba asimulie kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu anayetunga uongo hulemewa. Kwangu usaili wa madereva uko mwezi ujao, nitumie ujumbe wa faragha, nitawaomba wakuu wangu ukae nasi.