Mashua ya tanga ya kuvuta kwa gari: Wayfarer au Mirror?

Nahodha_Mgeni: Wakuu, naishi Uingereza. Natafuta mashua ya tanga ya kuvuta kwa trela: mimi, mke na watoto wawili. Wayfarer au Mirror?

Mzee_Demani: Kwa wanne, Wayfarer. Ian Proctor aliichora 1957, urefu mita 4.82, upana mita 1.85, na upana huo ndio raha yake: mtoto akihamia ubavu mwingine haiyumbi ovyo. Bodi tupu, bila mlingoti na tanga, ni kilo 169 hivi. Ubao wa katikati, ule unaoshuka majini chini ya mashua, ukiupandisha, inaingia maji ya magotini na kupanda trela vizuri. Ukitaka kubisha, yaani kwenda kinyume na upepo, lazima uushushe, la sivyo upepo unakupeleka upande tu. Ina vyumba vya hewa omo na tezi (mbele na nyuma), kwa hiyo ikipinduka inaelea. Baharia Frank Dye aliivusha ya kwake, isiyo na paa, toka Scotland hadi Iceland 1963! Namheshimu sana, ila wewe na watoto kaeni karibu na pwani.

Mama_Joshi: Mirror ni mita 3.3 tu, wanne mtabanana. Ila kwa mtoto kujifunza naipenda mno. Plaiwudi yake inashonwa kwa waya wa shaba, kisha viungo vinazibwa kwa utepe wa nyuzi za glasi na gundi.

Nahodha_Mgeni: Asanteni. Mlingoti wa Wayfarer naweza kuusimamisha peke yangu?

Mzee_Demani: Tafuta yenye bawaba chini ya mlingoti, utaweza. Lakini kabla ya kuuinua tazama juu kama kuna nyaya za umeme. Mlingoti wa alumini ukizigusa unaua.